SAFARI YETU KUTOKA KAMPALA HATA ZIBA

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kupigwa chapa kwa idhini ya Kamati)



Tulipopata barua ya Bwana Katibu ikitutaka tuseme mbele yenu juu ya Faida za Kusafiri, tulishukuru kwa heshima hiyo, kisha tukakaa siku tatu na karatasi tupu mbele yetu. Faida za kusafiri mnazijua nyote. Hapana karani katika chumba hiki asiyepata kuhamishwa kutoka wilaya hata wilaya, sanduku lake na kuku wake juu ya lori, mkewe akiuliza kama huko waendako maji yapo. Basi tuliomba ruhusa tuziache faida, na badala yake tuwasimulie safari moja tu, tuliyoifanya miaka kumi na minne iliyopita, tulipokuwa wanafunzi ugenini. Bwana Katibu amekubali, ila ametuonya tusipite nusu saa.

Tutasema "sisi" kila mahali, nanyi mtuwie radhi. Mwenye kutunza fedha za safari ile ndiye anayesema nanyi sasa, lakini jambo lenyewe lilitendwa na watu watatu, wala hatupendi mmoja ajitoe kwa kuwataja wengine.

Tulikuwa wanne, wanafunzi wa Makerere. Chuo hicho kilianzishwa Kampala katika mwaka 1922, kwanza kwa kufundisha kazi za mikono, kisha kikakua hata kikawa kisima walichonywea vijana wa Afrika ya Mashariki nzima. Mwalimu Nyerere aliingia hapo mwaka 1943, alipokwisha kutoka shule ya Tabora. Sisi tuliingia miaka mingi baadaye, wala hapana aliyetutazamia makubwa. Wa kwanza wetu alikuwa mwana wa mfanyi biashara wa Mwanza, naye ndiye mwenye gari. Wa pili alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mtu ambaye hata usingizini alisikika akibishana. Wa tatu alikuwa Mnyamwezi wa Ziba, kijana mpole, mwenye kusoma vitabu vya tarehe za kale kuliko vile alivyoagizwa kusoma. Wa nne ni msemaji wenu.

Mwezi wa Desemba, mitihani ilipokwisha, mwana wa Ziba alipata habari kwa simu kwamba baba yake ni mgonjwa sana, naye aje nyumbani. Hakuwa na nauli. Mwenye gari akasema: "Gari lipo. Petroli tuchange." Siku ya Alhamisi, kabla ya jua kutoka, tukaondoka.

Gari lile, ndugu zangu, lilikuwa limepita mikononi mwa watu watatu kabla ya kumfikia mwenzetu. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani, na kioo cha nyuma kilikuwa ni ubao. Lakini injini yake ilikuwa nzima kama moyo wa punda. Twawaomba mlishike neno hili la injini, maana tutalirudia.

Njiani mwana wa Ziba alitueleza kwamba njia tunayoishika ni njia ya zamani ya misafara, ila tunaifuata kwa kisogo. Wafanyi biashara wa Tabora, ambayo siku hizo iliitwa Kazeh, walipita Karagwe hata Buganda kutafuta pembe. Mwarabu Snay bin Amir alifika Buganda katika mwaka 1852. Speke na Grant walipita baadaye, wakafika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwezi wa Novemba 1861. Huko Grant akashikwa na ugonjwa wa mguu asiweze kwenda. Speke akamwacha, akaenda zake kwa Mutesa mwezi wa Januari 1862. Grant hakumfikia mwenzake hata mwisho wa mwezi wa Mei.

Mzaramo akasema: "Basi na ijulikane tangu sasa. Atakayeugua mguu ataachwa Karagwe, wala asitulaumu." Tukacheka sana. Tukagawana vyeo vya msafara: mwenye gari akawa Kirangozi, kwa kuwa ndiye atanguliaye, msemaji wenu akawa Mnyapara, kwa sababu ya fedha, Mzaramo akawa Mtani, maana wote mwajua utani uliopo kati ya Wazaramo na Wanyamwezi, uliozaliwa katika njia hizo hizo za misafara, na mwana wa Ziba akawa Mpagazi. Hakukataa. Alisema baba wa babu yake alichukua pembe mabegani kutoka Unyamwezi hata Bagamoyo, na mzigo wa frasila mbili, yaani ratili 70, haukuwa jambo la kumshangaza mtu. Wazee wa kwao husema kijana asiyepata kuiona pwani hakuhesabiwa mtu mzima.

Tulivuka mstari wa ikweta kabla ya kufika Masaka, tukashuka wote wanne, tukasimama mguu mmoja huku na mguu mmoja kule kama watoto. Hata Mutukula mpakani tukafika alasiri. Huko tulikawia, na kosa lilikuwa letu: karatasi moja ya gari Kirangozi alikuwa ameisahau katika godoro lake Kampala. Makarani wa pale walikuwa wapole kuliko tulivyostahili, lakini karatasi ni karatasi, nanyi mwajua. Ikapatikana njia kwa kuandikisha na kuweka dhamana, na magharibi ikaingia. Tukalala ndani ya gari, magoti videvuni.

Ijumaa asubuhi tukavuka mto Kagera kwa daraja la Kyaka. Daraja la zamani lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin katika mwezi wa Novemba 1978, na Kirangozi, ambaye mjomba wake alipigana vita ile, akasimamisha gari upande wa pili akakaa kimya kidogo. Kisha tukashika njia ya Bukoba, migomba kulia na kushoto, tukaingia mjini saa sita mchana.

Hapa, ndugu wanachama, ndipo tunapotaka kusema polepole.

Bukoba ni mji mzuri. Ziwa limeulalia mbele, na upepo wake humfanya msafiri aione safari kama adhabu. Ulikuwa wakati wa senene. Wanawake walikuwa wamekaa barabarani na vikapu, wakiwanyonyoa mabawa, na harufu ya kukaanga imejaa kila mahali. Tulinunua, tukala kwa mikono miwili. Tulipokuwa tunakula, mtu alimwita Kirangozi kwa jina lake la shuleni. Alikuwa mwenzake wa darasa moja zamani, na dada yake anaolewa kesho, Jumamosi. "Mwawezaje kupita arusini msiingie?" akauliza. Mpagazi hakuwapo, alikuwa amekwenda kununua maji.

Sisi watatu tulitazamana. Hapana aliyesema neno baya. Kirangozi alisema tu kwamba gari limechoka. Mtani akasema kweli, amesikia sauti katika injini tangu Kyaka. Nasi tukasema, kama tulivyo watu wa hesabu, kwamba ni afadhali kutengeneza mjini kuliko kuharibikiwa porini. Mpagazi aliporudi na maji, tulimwambia kwamba pampu ya maji inavuja, na fundi atahitaji muda hata kesho jioni.

Pampu ilikuwa kavu kama mwamba.

Mpagazi alilitazama gari, akatutazama sisi. Akauliza: "Hakika hata kesho jioni?" Tukasema hakika. Akasema: "Basi mimi nitakaa na mizigo kwa fundi, isije ikaibwa. Ninyi nendeni mkapumzike." Hayo ndiyo maneno yake yote. Fundi alikuwa na kiwanja chake chini ya mwembe. Tulimpa shilingi 8,000, na Kirangozi akamwambia kando asifanye haraka. Alifungua kifuniko cha injini akakiacha wazi, kama mganga aliyeweka vibuyu vyake mbele ya watu.

Tulikwenda arusini. Hatutasema kwamba haikuwa arusi nzuri. Rubisi ilikuwa tamu, wazee walituletea kahawa ya kutafuna kwa heshima ya wageni, na Mtani alicheza hata wakwe wakauliza ni wa ukoo gani. Jumamosi usiku ule ule, saa ambazo hatuzijui, baba wa mwenzetu alikuwa anakata roho Ziba.

Usiku ule msemaji wenu aliandika katika daftari. Daftari hilo tunalo hata leo, nalo hili hapa mkononi. Tutawasomea: "Fundi, Bukoba, pampu ya maji, Sh. 8,000." Na mstari unaofuata: "Zawadi ya arusi, Sh. 5,000." Mara ya kwanza katika maisha yetu tuliandika uwongo katika kitabu cha fedha, na tuliuandika kwa hati safi, tukapiga mstari kwa rula. Mstari wa pili ulikuwa wa kweli, na tuliutia kwa sababu hesabu isingelingana bila yake. Mtaona karani alivyo: alikuwa radhi kudanganya juu ya pampu, lakini si juu ya jumla.

Jumapili alfajiri tukaondoka. Biharamulo tulingoja magari mengine, kwa kuwa zamani zile palikuwa na wanyang'anyi katika misitu ya upande huo, na magari yalikwenda pamoja yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Mtani alisema hawa ndio ruga-ruga, na nauli ya askari ndiyo hongo, na kwamba tangu siku za Mirambo hakuna kilichobadilika ila matairi. Mirambo alikufa mwaka 1884. Katika mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji hata Stanley, aliyekuwa ametoka pwani kwa muda wa miezi mitatu, akakwama Unyanyembe na nguo zake na shanga zake. Mpagazi ndiye aliyetuambia hayo. Lakini siku hiyo hakuyasimulia kwa furaha kama Alhamisi. Alijibu tu alipoulizwa. Simu ya mkononi tuliyokuwa nayo, moja kwa watu wanne, ilikuwa imekwisha moto.

Kahama tukafika usiku mwingi, tukalala. Jumatatu tukapita Isaka, tukaingia Nzega adhuhuri, na mvua ikaanza.

Wenyeji wa Nzega walituambia tusiondoke. Kirangozi, ambaye sasa alikuwa na haraka ya mtu aliyechelewa kwa kutaka, alisikia juu ya njia ya mkato na kuishika. Sasa, yeyote kati yenu aliyepata kufanya kazi upande ule anaijua mbuga. Wakati wa kiangazi ni nchi nyeusi iliyopasukapasuka, ngumu kama matofali, hata mtu aweza kuuingiza mkono katika nyufa zake. Mvua ikinyesha mara mbili, huwa ugali. Siyo tope la kuteleza. Ni tope la kushika. Hupanda juu ya gurudumu, hujaza chini ya bawa la gari, hata gurudumu lisizunguke tena, na mwenye kushuka huacha kiatu, na anayekirudia kiatu huacha cha pili.

Tulizama kabla ya magharibi. Tulikata matawi, tukatia chini ya matairi; yakamezwa. Tulitia ule ubao uliokuwa kioo cha nyuma. Ukamezwa nao, na mvua ikapata mlango. Mtani alisukuma hata akaanguka kifudifudi, akanyanyuka mweusi mzima, meno tu yakionekana, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakuwa na neno. Giza likaingia. Vyura wakaanza, maelfu yao, kelele ambayo mtu wa mjini hawezi kuiamini. Maji yalipanda hata ngazi ya mlango. Tuliketi juu ya viti miguu juu, nasi tukasikia fisi, kwanza mbali, kisha si mbali.

Katika saa zile hapana aliyeitaja Bukoba. Lakini msemaji wenu alikuwa anapiga hesabu gizani, naye anadhani wenzake wawili walikuwa wanapiga hiyo hiyo. Kama tungaliondoka Bukoba Ijumaa saa sita, tungalilala Biharamulo. Jumamosi tungalipita Kahama na Nzega, na hata kama tope hili lingalitushika usiku mmoja mzima, Jumapili asubuhi tungalikuwa Ziba. Hesabu hii tumeifanya mara nyingi tangu siku hiyo, na jumla yake haijapata kubadilika.

Usiku wa manane Mpagazi alishuka. Alivua viatu, akaviweka juu ya kiti, akasema: "Mimi nayajua haya. Nitatafuta watu." Tukamkataza kwa ajili ya fisi. Akasema fisi wa kwao wanamjua. Akaenda zake gizani, maji magotini. Tulimsikia akiita kwa Kinyamwezi, sauti ikipungua, kisha tusimsikie. Alirudi karibu na alfajiri pamoja na wanaume watatu, jozi mbili za maksai na mnyororo. Wakafunga mnyororo, mzee mmoja akawasemesha ng'ombe wake kwa upole, kama mtu amwambiaye mwanawe aamke, na gari likatoka kwa sauti kama ya kung'oa jino.

Tulitoa mkoba tuwalipe. Yule mzee alimtazama Mpagazi, akamwambia neno fupi kwa lugha yao, akakataa fedha. Mpagazi aliinama akasema "Wabeja", akarudi garini, akavaa viatu. Hatukuuliza mzee alisema nini. Tulidhani ni adabu ya wenyeji.

Jumanne asubuhi tukaingia Ziba. Mvua ilikuwa imekatika, na nchi ile, iliyo kati ya Nzega na Igunga, ilikuwa imeoshwa yote, majani mapya kila mahali, ng'ombe wakienda malishoni. Nyumba yao ilikuwa mbele ya mwembe mkubwa. Wanawake walikuwa wameketi chini wakiwa kimya. Kando ya boma palikuwa na tuta la udongo mbichi, limefunikwa miiba ili fisi wasilifukue. Kaka yake alikuja akamshika mkono, akasema maneno ambayo twayasikia hata sasa: "Tulikungoja juzi hata saa kumi. Jua lilikuwa kali. Tukazika."

Mpagazi hakulia mbele yetu. Alikwenda penye tuta, akaondoa mwiba mmoja uliokaa vibaya akaurudisha vizuri, akasimama. Sisi watatu tulibaki kando ya gari, tope limetukaukia miilini, hatujui pa kuweka mikono.

Yaliyofuata yataonekana ajabu kwa asiye mtu wa kwetu. Mama wa marehemu, bikizee sana, aliuliza sisi ni wa kabila gani. Aliposikia kwamba mmoja ni Mzaramo, alinyanyua uso. Mtani wetu, aliyekuwa kimya tangu jana, akaelewa kwamba ameitwa kazini. Akapiga hatua hata mlangoni, akapaza sauti: "Nani aliyewaruhusu kumzika mtu wangu bila mimi? Mmekula nini? Mmenibakizia nini?" Akaingia nyumbani bila hodi. Akatoka na sanduku dogo la mbao lenye misumari ya shaba, kazi ya Unguja, ambalo yule mpagazi wa kale, baba wa babu, alilirudisha kutoka pwani kichwani mwake. Akaliweka begani. "Hili ni la pwani! Mliiba kwetu, nimekuja kulichukua. Nitatembea nalo miezi mitatu kama Stanley!" Akaanza kwenda zake na njia, akiyumba kama aliyelemewa na frasila kumi.

Watoto wakamkimbilia. Wanawake wakaanza kumtukana kwa Kinyamwezi, naye akawatukana kwa Kizaramo. Kisha yule bikizee akacheka. Alicheka hata machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakukoma, ndipo wanawake wengine wakalia naye, kilio kikubwa, na Mpagazi pia. Sanduku likakombolewa kwa kuku mmoja na kibuyu cha asali. Baadaye Mtani alitapika nyuma ya gari. Alitwambia hajapata kufanya kazi ngumu kama ile, maana alikuwa anamchekesha mama aliyemnyang'anya mwanawe wa kumzika.

Tulikaa siku tatu. Walitulisha ugali wa uwele na mlenda, na hakuna aliyetuuliza kwa nini tulichelewa. Kaka yake alisema tu kwamba tope ni tope. Jioni wazee walikuwa wakizungumza habari za misafara, na mmoja alisimulia jinsi Susi na Chuma walivyouchukua mwili wa Livingstone kutoka bara, na jinsi Mwingereza Cameron alipowakuta Kwihara karibu na Tabora katika mwaka 1873 akawashauri wamzike hapo, nao wakakataa, wakamchukua hata Bagamoyo wamrudishe kwao. Mzee hakuwa na nia ya kutuchoma. Tuliondoka mmoja mmoja barazani.

Siku ya kuagana, kwa desturi tuliyokubaliana Kampala, msemaji wenu alisoma hesabu ya safari, na kila mmoja atie sahihi. Mpagazi alilichukua daftari. Alilisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Alikaa sana penye ukurasa wa Bukoba. Kisha akatia sahihi, akarudisha kalamu. Mama yake alitupa mfuko wa michembe wa kula njiani.

Hatukurudia tena habari hiyo, sisi kwa sisi wala pamoja naye. Tulimaliza masomo. Kirangozi sasa ni mfanyi biashara kama baba yake. Mtani ni mwalimu. Mpagazi ni mtumishi wa Serikali kama sisi, katika wilaya ya mbali, na wengine wenu mmepata kuziona barua zake za kazi, zilivyo fupi na zisivyo na kosa. Yeye mwenyewe hakurudi Makerere mwaka uliofuata. Alimalizia masomo mahali pengine, nasi tulidhani ni kwa sababu ya msiba.

Bwana Katibu alipotuandikia juu ya mkutano huu, tuliona kwamba hatuwezi kusimama mbele ya makarani wenzetu na kusema juu ya safari, tukalificha hili. Wala hatuwezi kulisema kwenu kabla ya kulisema kwake. Basi tulimwandikia, tukaungama habari ya pampu yote, na Kirangozi na Mtani wakatia sahihi zao. Majibu yalikuja baada ya majuma mawili. Ametupa ruhusa kuyasoma, ila jina lake lisitajwe. Anasema hivi:

"Ndugu zangu, salamu nyingi. Habari ya pampu niliijua Jumamosi kabla ya adhuhuri. Fundi aliniambia mwenyewe. Alinihurumia nilivyokaa juu ya sanduku lake tangu asubuhi. Arusi ilikuwa karibu, ngoma nilizisikia. Ningaliweza kuja kuwaita, tukaondoka saa ile ile, na Jumatatu tungalikuwa nyumbani, ijapokuwa kwa maziko tungalichelewa vilevile, kama nijuavyo sasa. Lakini siku ile sikujua hayo. Nilikaa. Mwaka ule nilikuwa nimeshindwa mtihani, na chuo kilikuwa kimekwisha kuniambia. Ng'ombe sita wa baba waliuzwa kwa ajili ya karo yangu, nami sikujua nitamwambia nini. Ninyi mlipokuja jioni mkaniambia bado fundi hajamaliza, nilifurahi moyoni. Yule mzee wa maksai mwaka ule, mliyetaka kumlipa, aliniambia: Pole kwa baba yako. Kwa hiyo nilijua tangu alfajiri, nikavaa viatu kwanza. Daftari nalikumbuka. Kama mngali nalo, msiufute ule mstari."

Pamoja na barua zilikuwamo shilingi 2,000, ndiyo robo ya fedha za fundi, ambayo siku zile hatukumtoza kwa kuwa tulimwona mwenye msiba. Tumeipokea. Jana usiku tumeifungua daftari penye ukurasa wa Bukoba, tukaiandika upande wa mapato, kwa tarehe ya jana, na jina lake kamili mbele yake.

Bwana Mwenyekiti, nusu saa imepita.